Hesabu za Moto

Ndosho, mbele ya duka la misumari,
nimekaa miaka tisa nyuma ya meza ya chupa.
Chupa za bia zilizooshwa, petroli ndani yake
rangi ya mkojo wa mtoto mwenye homa,
na kitambaa cha kufutia mikono
kinachonuka kuliko mikono yenyewe.

Lita ni elfu tatu na mia tano.
Barabara ikifungwa, elfu tano.
Ikifunguliwa, bei ina kiburi,
haishuki siku hiyo hiyo.

Mwanangu Nzanzu alikuwa mteja wangu wa kwanza asubuhi.
Lita nne. Sikumpunguzia hata faranga,
maana mama akianza kupunguza, mtaji unageuka mboga.
Kila lita iliniachia mia tatu.
Basi alinilisha elfu moja na mia mbili kwa siku
bila kujua,
naye akidhani ni mimi ninayemlisha.

Kisha akaja na moto mpya.
Nasema moto yake, si moto wake:
hii haina moshi, haina bomba, haina hata kikohozi,
inapita juu ya mawe ya volkano
kama paka aliyeiba ndagala.
"Mama, haili petroli."
"Inakula nini?"
Akatazama soketi iliyo juu ya kitanda changu.

Tangu siku ile tunalala watatu:
mimi, yeye nyuma ya pazia, na betri katikati yetu
ikivuta umeme polepole kama mgonjwa anywavyo uji.
Bidoni nimezihamishia nje, chini ya bati, kwa mnyororo.
Cheche haiulizi nani ni ndugu wa nani.

Jumapili tukafungua kaye.
Yeye anaandika, mimi natamka.
Petroli, lita nne: elfu kumi na nne.
Umeme, yuniti nne: elfu mbili na mia sita.
Akapiga mstari chini, akapiga wa pili,
akacheka kama mtu aliyeokota.
"Ongeza deni la moto."
Elfu tisa kila siku, miezi ishirini na minne.
Kicheko kikapungua, lakini hakikuisha:
elfu mbili na mia nne bado ni zake.
"Ongeza siku za giza."
Akanyamaza.
Siku za giza huazima moto ya Kakule,
huinunulia petroli.
Kwangu. Kwa mkopo.

"Na mimi?"
"Wewe nini, mama?"
"Niandike. Zile elfu na mia mbili zilizokufa.
Na umeme wa mita, nani hununua?"
Kalamu ikasimama.
Nje mtu akapiga honi,
nikatoka kumpimia lita moja na nusu;
povu likapanda shingoni mwa chupa, likashuka.

Sitasema uongo.
Shati lake sasa nalifua kwa maji ya mara moja.
Kile kikohozi cha saa kumi alfajiri
nilichokizoea kama jogoo wa jirani,
sijakisikia tangu Februari.
Sabuni nayo ni hesabu. Hatukuiandika.

Jana umeme ulikatika saa mbili.
Ulirudi saa tisa usiku,
taa ndogo ya chaja ikafumbua jicho la kijani.
Kwa dirishani mlima ulikuwa mwekundu tumboni mwa mawingu,
unawaka bure, hauna mita,
hakuna anayeudai.
Nikafunua pazia.
Amelala mdomo wazi, kama alivyolala akiwa na miaka mitano,
mkono juu ya betri
kama anayepima homa.

Nikachukua kaye, nikaandika kwa mwanga ule ule:
elfu mbili na mia sita.
Kwenye safu ya mdaiwa nikaweka ncha ya kalamu,
nikaiacha pale
mpaka wino ukafanya doa.
Nikafunga.