Mnara wa Kumi na Saba

Barua kutoka mji mkuu ina kurasa nne.
Inasema ving'oeni,
visanduku vyote vya yule muuzaji wa ng'ambo,
kumi na saba minarani, kimoja ofisini,
na msivitupe jalalani: vipondwe mbele ya shahidi.
Neno "huenda" limo mara sita. Nimelihesabu.
Huenda vinasikia. Huenda vinahifadhi.
Huenda siku moja, kwa amri ya mtu asiyetujua,
vikazimika vyote kwa mpigo, kama taa za harusi iliyovunjika.

Basi napanda, Februari,
spana kiunoni, pumzi ikigandia kwenye skafu.
Chini, Montana yote ni nyeupe,
ng'ombe weusi wameupa upepo kisogo,
na kule magharibi, ndani ya ua wa seng'enge
ambao watoto hufundishwa kutouulizia,
kombora limelala chini ya ngano yetu
tangu babu alipoiuzia serikali ekari mbili
akanunua trekta jekundu.
Kwa hiyo sisemi hofu yao ni ya kijinga.
Ningekuwa mimi ndiye ninayetaka kusikia,
sikio ningelitega hapahapa.

Lakini kisanduku hiki nakijua.
Nilikifunga mwenyewe, miaka tisa iliyopita,
Kuang Zhiyuan akinimulika kwa tochi aliyoiuma menoni
maana mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye nyaya.
Wauzaji wengine walitaka mara tatu ya bei,
au hawakujibu simu. Nani ana haja na wateja mia nane na ng'ombe?
Yeye alikuja. Alikaa wiki tano.
Alikula kwetu supu ya viazi, akaomba pilipili,
mama akampa pilipili manga,
akacheka mpaka machozi.
Jioni ya mwisho mzee Hjelle alipiga simu kutoka zizini,
mara ya kwanza maishani mwake,
kusema tu: "Niko zizini."

Kikulacho ki nguoni mwako, nakubali.
Ila sasa tunavuliwa nguo Februari,
na hela za nguo mpya ni za ahadi tu:
fomu iko mezani kwa mtu,
mtu yuko likizo.

Nafungua kifuniko.
Vumbi. Nyigu mkavu.
Taa ndogo ya kijani inapepesa
kama jicho la anayejifanya amelala.
Natafuta sikio. Sijui sikio linafananaje.
Miaka ishirini na miwili katika kazi hii
na ninachojua ni kuchomeka waya wa bluu penye bluu;
kilichoandikwa ndani ya kile kidude cheusi, kidogo kuliko ukucha,
hakuna mtu kaunti hii awezaye kukisoma,
wala, nadhani, Kuang.

Nazima. Kijani kinakufa.
Mahali fulani chini yangu maongezi yanakatika:
"nilikuwa nataka kukuambia kwamba"

Ndipo nauona. Upande wa ndani wa kifuniko,
kwa kalamu ya wino mzito, mstari mmoja wa maandishi yake.
Sikumwona akiuandika.
Huenda ni tarehe. Huenda ni jina langu, Arlys,
alivyolisikia yeye.
Huenda
ni kitu kingine.
Navua glavu, naielekezea simu initafsirie.
Simu inafikiri. Inafikiri.
Hakuna mtandao.

Chini, Verlin, ndiye shahidi, anapiga honi ya gari,
nyundo tayari juu ya gogo.
Kisanduku kipya, cha nchi nyingine, kitafika Aprili, Mungu akipenda;
nacho kitakuwa na kidude cheusi,
nacho sitakisoma.

Nateremsha kisanduku kwa kamba.
Kifuniko nakitia ndani ya koti,
chuma baridi juu ya kifua,
kisha vidato mia na arobaini vya kushuka
nikijiuliza nimebeba nini.