Mwanafunzi Mgeni

Fomu iliuliza: wewe ni nani kwetu?
Kulikuwa na vidirisha vitatu vya kuchagua.
Nikagusa cha mwisho, Mwanafunzi mgeni,
nikacheka peke yangu kwenye benchi la maabara,
darubini imefunikwa kitambaa,
na nje foleni ya malaria imeshakwenda nyumbani.

Mgeni! Mimi ambaye sijatoka Yumbe
tangu mazishi ya shangazi kule Moyo.
Mgeni bila mkoba, bila vumbi miguuni,
ninayebisha hodi Kampala kwa kidole gumba
na kungoja duara lizunguke, lizunguke,
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Chuo changu kiko Arua. Huko najulikana:
nambari yangu, deni langu, kiti changu cha likizo.
Lakini somo la takwimu halina mwalimu
tangu Bwana Andama apate kazi kwenye shirika
akaondoka na kalamu za ubao mfukoni.
Msajili akasema, Kaazime kwa jirani.
Akaandika barua: Tunamruhusu Onziru Safia
asome kwenu somo moja, alama zirudi kwetu.
Alama zirudi kwetu.
Kama sufuria la kuazima arusi ikiisha.

Ada nililipa kwa simu, kwa mafungu:
fungu la simsim,
fungu la posho ya chanjo ya nyumba kwa nyumba,
na fungu ambalo Swadiki mume wangu alilitoa
bila kuuliza, kisha akauliza usiku kucha.
"Cheti watakupa?"
Hapana. Cheti ni cha Arua.
"Sura yako wataijua?"
Hapana.
"Basi unalipia nini?"
Nikamwambia: kuna watoto tuliowaponya
na kuna ambao wangepona hata bila sisi.
Tofauti yao inapimwa. Nataka kujua inapimwaje.
Akageukia ukutani.
Asubuhi nikamkuta juu ya paa,
anafuta vumbi kwenye paneli ya sola.

Mtandao wa hapa una adabu zake.
Huja watu wakishalala, kama mchawi,
na hukaa upande mmoja tu wa uwanja,
kati ya tangi la maji na wodi ya wazazi.
Hapo nimeweka jerikeni, nimeketi,
shuka begani, mimi na mbu,
namsikiliza mwalimu nisiyemwona
akisema wastani, akisema mkengeuko,
na ndani mwanamke anasukuma,
mkunga Ajonye anamhesabia pumzi,
hata sijui ni nani kati yao
ninayemwandika daftarini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Kampala hawakungoja hata hiyo ya pili.
Saa ile ile niliyokubaliwa, ujumbe:
Zoezi la kwanza, Ijumaa, mwisho saa sita usiku.
Nikalishika jembe.
Nikalima jedwali, mstari kwa mstari,
vipimo mia mbili na kumi vya damu,
majina nimeyaficha, umri nimeuacha.
Pale penye miezi saba, miezi tisa, miezi saba,
mkono ulisita.
Nadhani jedwali halikuona.

Nilituma saa tano na dakika hamsini na nne.
Duara likazunguka. Mtoto akalia wodini.
Likasimama. Likaanza tena.
Ajonye akatoka na beseni, akamwaga maji,
akaja kuinama juu ya bega langu.
"Wamefungua?"
Nikamgeuzia kioo cha simu:
Imepokelewa. Mwanafunzi Mgeni, 0417.

Akasoma polepole, kwa sauti, akasonya.
"Hata karibu hawakusema," akasema,
akarudi ndani, kule walikokuwa wanamwita.