Alama za Kalamu

Saa nne usiku, Ghubra. Nje lami bado ina joto la mchana,
humu ndani kiyoyozi kinatugandisha.
Mama yuko kitanda cha sita, kifua kimefungwa kwa waya,
na mirija miwili inamtoka chini ya mbavu
hadi kwenye chupa iliyosimama sakafuni.

Kila saa Sista Bindu huinama na kalamu nyeusi,
huchora mstari, huandika wakati.
Mia na ishirini.
Mia mbili na kumi.
Mia tatu na hamsini.
Naisoma damu ya mama kama msoma mita ya umeme.

Daktari Mundhir kaja, macho mekundu.
Alianza kwa Kiarabu cha vitabuni, kisha,
aliponisikia nikimnong'oneza mama,
akahamia Kiswahili cha bibi yake, cha Ng'ambo:
"Tumemwekea dawa, ile ya kwenye pampu.
Haigandishi damu, usidhani. Damu inajua kuganda yenyewe.
Ila mwili una tabia: ukishashona, unafumua.
Dawa inaushika mkono."

Nikacheka. Mbele ya mashine zote zile, nikacheka.

Miaka arubaini mama anashona kofia za viua,
tobo kwa tobo, kofia moja miezi minne.
Nami, mtoto wa miaka sita, kule Ibra,
nilifumua upande mzima wa kofia ya bwana harusi
nikitaka kujua uzi unaishia wapi.
Hakunipiga.
Alinishika mkono, akaushika tu,
mpaka ikaadhiniwa alasiri.

"Basi mpeni nyingi."
"Hapana. Ikizidi, mtu hushikwa na degedege.
Tunapima kwa uzito wake, na kwa figo zake."
Uzito wake: kilo hamsini na mbili,
bila ya bangili tulizomvua kwa sabuni.

Saa saba, mstari.
Saa nane Bindu akainama, akachora mwengine
karibu mno na ule wa chini yake,
nikadhani mkono umemteleza.
"Shwaya," akasema. Kidogo.
Kiarabu chake cha kuokota, na sijapata kusikia
neno la Kiarabu tamu kama lile.

Ule mfuko wa damu walioagiza haukutobolewa.
Kijana mmoja aliurudisha chini, kwenye jokofu.
Atapewa mtu mwengine, simjui.

Asubuhi walipomtoa bomba la koo
mama alinitazama kwa muda,
akauliza, kwa sauti ya mchanga,
bangili zake nimempa nani.