Muhuri wa Rausu

Wa kwanza kugundua hakuwa daktari.
Ulikuwa mwani.
Mafungu ya daraja la kwanza yalirudishwa kutoka Kushiro,
muhuri wangu umetawanya wino
kama miguu ya mende aliyekanyagwa,
na barua fupi ya mnunuzi:
Bi Kinuyo, siku hizi unapiga mihuri huku unakimbia?

Miaka kumi na tisa kiganja hiki hakikuteleza.

Februari ile barafu ya bahari ilisukumana hadi ukingoni mwa gati,
nami nafungua madirisha ya ofisi ya ushirika.
Eikichi akavaa koti la pili bila kusema neno.
Nakula mabakuli matatu ya wali, nadai la nne,
sketi inanizunguka kiunoni
kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto.
Usiku moyo unatwanga. Unatwanga nini? Kinu kitupu.
Nilimtupia mama mkwe kifuniko cha sufuria
kwa sababu alitafuna polepole.
Aliniuliza tu: mwanangu, macho yako yanashangaa nini?

Daktari Onodera ana sauti ya mtu aliyezoea kurudia.
Akaniandikia kwa penseli:
homoni ya tezi ya shingo, mara nne ya kiwango;
ile ya ubongo, inayoiamuru, karibu na sifuri.
Nikasema, basi ubongo umelala.
Akasema, la. Umenyamaza makusudi.
Umeona mzigo umezidi, ukaacha kuagiza.
Kuna mwingine anayeagiza.
Akazungushia duara namba ya tatu: kingamwili.
Zimetoka mwilini mwako mwenyewe,
zinakaa juu ya tezi, mahali pa amri,
na tezi inatii. Haijui kukagua mwandiko.

Hapo nikacheka hadi nesi akachungulia.
Mimi, karani wa mihuri,
nimeghushiwa muhuri shingoni mwangu.

Wiki mbili kabla ya picha, marufuku mwani.
Marufuku, Rausu! Ambako mwani umo kwenye supu,
kwenye chai, kwenye mashuka yaliyoanikwa.
Eikichi akapika mchuzi wa uyoga, akauonja, akautazama
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Akaunywa wote pamoja nami.

Sasa ni Oktoba. Vidonge viwili, kisha kimoja, kisha nusu.
Homoni imerudi mstarini, mkono umetulia;
jana nilipiga mihuri mia mbili, hakuna uliovuja.
Ila lile duara. Namba iliyomo
haikushuka kama nilivyotaka.
Tutapima tena Januari, anasema Onodera,
anachomeka penseli sikioni kama seremala.

Kwa hiyo mghushi yumo bado.
Namjua: ana damu yangu, anakula wali wangu.
Asubuhi, kabla ya kufunga skafu,
naweka vidole viwili kooni, nameza mate.
Uvimbe unapanda, unashuka.
Mama mkwe yuko mezani, anatafuna.
Namngoja amalize.