Rehani

Keti hapo kwenye kopo, Mmbone. Gundi bado mbichi,
na gundi, kama mama mkwe, haipendi kuharakishwa.
Mvua ya Bunyore ina wenyewe; ikiamua kushuka
haitauliza ni viatu vya nani vimeshonwa.
Nyoosha mkono nyuma ya rangi nyeusi, toa kitabu.

Si hicho cha juu. Hicho nilikianza Aprili, nikakitupa kando:
vijana wake wanasema kama mapasta,
mmoja anaungua ulimi kwa uji
na badala ya kulia anatoa methali.
Nimelea watoto watano. Sijaona aliyeungua kwa methali.

Cha kijani, ndiyo. Mgongo wake nimeushona mwenyewe
kwa uzi uleule wa soli yako.
Kuna msichana golikipa, macho yanamwisha taratibu,
hamwambii kocha, hamwambii nyanya yake,
anajifunza kuusikia mpira unavyokuja majanini.
Nilikisoma kwa taa ya Akoth muuza omena
mpaka akasema, "Fundi, samaki wamekwisha, nazima,"
nikamlipa shilingi kumi asizime,
maana penalti ilikuwa haijapigwa.
Usikiguse mkesha wa mtihani.

Hicho chenye doa la chai ni cha mapenzi, nisikufiche.
Wanashikana kidole kimoja gizani, matangani,
na kwa kurasa arobaini hakuna kingine,
lakini kidole hicho, Mmbone, lo!
Mama yako akiuliza, ulikiokota.

Unajua vilifikaje hapa? Sikununua hata kimoja.
Mwanafunzi akikosa pesa aliacha kitabu rehani:
viatu vikaenda shule, hadithi ikabaki kwangu
kati ya misumari na vipande vya tairi.
Miaka mitatu nilivikalia kama matofali.
Kisha mwaka jana nikavunjika mguu,
fundi wa viatu mwenye mguu mmoja wa kuvaa,
nikafungua kimoja ili nisihesabu mabati.

Ndicho hiki kisicho na jalada. Kilikuwa cha Andayi,
mvulana mrefu, kovu juu ya nyusi,
kola imegeuzwa ndani nje ili isionekane imelika.
Humo mna kijana anayezungukia majirani saa ya chakula
akiomba kibiriti. Kila jioni, kibiriti.
Wenye nyumba wanasema, karibu, onja kwanza,
naye anakataa mara mbili, ya tatu anakaa.
Kibiriti hakihitaji. Kwao moto wa nini,
na sufuria imelala kifudifudi tangu juzi?
Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli iliyochongwa kwa meno:
huyu ni mimi.

Maneno matatu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko kitabu chenyewe.
Siku ile alipungukiwa shilingi thelathini
nami nilipaza sauti, soko zima likageuka,
hata wauza ndizi waliacha kubishana.
Akafungua mkoba, akanipa hiki, hakusema kitu.
Nilimwambia, "Ukija na pesa, utakipata."
Hakuja.

Kwa hiyo soma hiki kwanza. La, kisome mwisho,
yule golikipa akufungue pumzi.
Usikunje kurasa. Ukizidiwa, kunja.
Penseli usifute.
Na huko shuleni ukimwona mwenye kovu
mwambie deni limekwisha.
Hapana, usitaje deni.
Mwambie fundi wa Luanda amekwama ukurasa wa mia na tatu,
anaomba kibiriti.

Haya, vaa. Kanyaga. Vinabana?
Vitalegea.