Kikao cha Januari, Machomane

Nimesoma muhtasari wa mwaka jana kwa sauti:
tutapaua upya upande wa madhabahu, Mungu akipenda.
Tutafungua darasa la watoto, Mungu akipenda.
Tutachimba choo, na hapo pia akipenda,
kana kwamba Yeye ndiye aliyekataa.

Tulikuwa saba, na benchi lenye mguu mmoja wa tofali.
Nje, Bi Time jirani alikuwa anageuza karafuu zake
alizoanika uwanjani kwetu,
harufu ikatangulia kikaoni kabla ya sala.

Nikauliza: nani? Kwa shilingi ngapi? Lini?
Mzee Zebedayo akavua miwani.
"Mungu, mwanangu, hatumii kalenda."
"Fundi anatumia," akasema Perpetua wa hazina,
"na masika yanatumia."

Tukacheka, halafu tukaacha,
maana kila mmoja anaijua ile ndoo ya buluu,
tunavyoisogeza kwa mguu chini ya tone
huku midomo ikiendelea na Nasadiki.
Miaka mitatu uongozi wetu ni huo,
kukimbiza ndoo.

Basi nikapiga mistari kwenye daftari la kliniki.
Mabati ishirini na mawili.
Machi, tarehe kumi, yawe yameshashuka Mkoani.
Na matoleo ya mavuno yasingoje Desemba:
mchumaji ana pesa Oktoba,
Desemba ana madeni.
Hili alituambia Bi Time, mlangoni,
akihesabu miezi kwa vidole vyenye rangi ya karafuu.
Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza.

Darasa la watoto: Koplo Sadoki.
Hapo pakawa kimya. Sadoki anahamishwa Juni.
Sisi wa kuja tunaishi na barua ya uhamisho mfukoni,
na kila apandaye meli huondoka na funguo,
na nyimbo, na namna yake ya kuwatuliza watoto.
"Eliwaza akae kando yangu kuanzia Jumapili hii," akasema,
"mpaka anichoke."
Hilo nikaliandika kwa wino mwekundu.

Mzee Zebedayo alifunga kwa sala.
Alimwombea fundi kwa jina lake,
akaitaja tarehe kumi Machi,
polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa jikoni kwa mwingine.

Mvua kubwa ya kwanza, ibada nzima tulitazama juu.
Tone moja tu, pembeni, karibu na dirisha.
Daftari likafunguliwa pale pale:
msumari mmoja. Sadoki. Jumanne.