Kopo la Nyanya

Shule yetu imekaa juu ya moto uliolala.
Ukichimba kina cha kiganja, jembe linalia kang'!
Jiwe. Jiwe jeusi, lenye vitundu kama mkate.
Direkta alipotangaza, "Mwaka huu tupande miti,"
tulicheka. Hata yeye.

Jumatatu, Kavugho wa darasa la tatu
akaja na udongo katika kopo la nyanya.
"Umetoka Sake, kwa shangazi.
Umepanda chukudu pamoja na viazi."
Kopo moja. Haukujaza hata kiatu.

Jumanne makopo manne. Kufikia Ijumaa sikuhesabu tena:
soksi iliyofundikwa, bidoni lililokatwa shingo,
na Neema-Riziki, kofia ya babake imejaa mpaka ukingoni.
Hakusema babake yuko wapi.
Sikuuliza.

Usiku, Ndoole mlinzi alipasua jiwe kwa nyundo,
akidai usingizi umemkimbia.
Vile vifuko vya maji vilivyokuwa vikiruka uani kama kuku
tukavifua, tukavitoboa, tukaotesha miche ndani yake.
Mvua ilipochelewa,
watoto mia tatu walinawa mikono juu ya mashimo,
darasa kwa darasa, bila kusukumana sana.

Tulipanda kumi na mbili. Imesimama saba.
Mitano, muulizeni mbuzi wa jirani.

Juzi mkaguzi alikuja, akatazama kivuli chembamba
kikigusa dirisha la darasa la kwanza.
"Mradi huu," akauliza, kalamu tayari, "nani anaufadhili?"

Kavugho akainua kopo lake.
Kutu imeanza kulila.